Barua Ipo, Ila Haionekani: Somo la Kutafuta Ndani ya Makaratasi ya Zamani



Mhariri aliponiomba somo la toleo hili alitaka niandike juu ya kompyuta kwa jumla. Nikamwomba aniruhusu niandike juu ya jambo moja tu: namna ya kutafuta kitu ndani ya rundo la barua za zamani, na namna ya kutoka barua moja kwenda nyingine bila kupotea njiani. Mimi nasomea ukutubi, kwa hiyo mtu angedhani jambo hili nalijua. Lilinishinda nyumbani kwetu Hamukungu, mbele ya wazee, na ndiyo sababu naliandika.

Kwa asiyepajua, Hamukungu ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, wilaya ya Kasese, na kimo ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth. Mbele yetu kuna maji na viboko, nyuma yetu kuna mbuga. Wapo wanaoishi kwa ngege na kambare, wapo wafugaji wa Kisongora wenye ng'ombe wao wa pembe ndefu, na wote tunatumia ardhi ileile iliyobanana. Mahali kama hapo, swali la njia inapita wapi na kiwanja kinaishia wapi ni swali zito. Watu hawasahau hatua tano.

Kamati ya mwalo ilikuwa na katibu mmoja wa zamani, Allah amrehemu, aliyekuwa hatupi karatasi. Ujanani alifanya kazi Kilembe, enzi za mgodi wa shaba, na huko ndiko alikookota Kiswahili chake, maana watu wa makabila mengi walikutana pale. Aliporudi kijijini akawa anaandika barua zote za kamati kwa Kiswahili, na nakala anazihifadhi katika sanduku la bati. Alipofariki, sanduku likaja kwa mjomba wangu. Likizo moja nikakaa siku nne uani nikipiga picha karatasi moja moja kwa simu. Zilifika picha 743. Mchwa walikuwa wameshaanza upande mmoja. Wazee wakaniombea dua, nami nikarudi chuoni nikijiona nimeokoa historia.

Miezi michache baadaye mjomba akanipigia simu. Jirani mmoja alikuwa ameanza kuweka nguzo za uzio upande wa juu wa makaburi yetu, na kikao cha usuluhishi kimewekwa Jumatatu.

"Mwanangu, ulizipiga picha zote, sivyo?"

"Naam mjomba, zote."

"Basi tutolee ile barua ya makaburi. Marehemu alituambia iko."

Nilikuwa na siku tatu. Picha zote zilikuwa zimepewa majina na simu yenyewe, herufi tatu na tarakimu nyingi, na tarehe iliyomo ni ya siku niliyopiga picha, si ya siku barua ilipoandikwa. Nikaanza kuzifungua moja moja. Mwandiko wa marehemu ulikuwa mzuri, lakini wino ulififia. Usiku wa Jumapili nilikuwa nimefika kama nusu na macho hayaoni tena. Kikao kikakaa bila barua. Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko kulaumiwa.

Picha haisomeki na mashine

Kosa la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kupiga picha ni kuhifadhi kwa njia inayoweza kutafutwa. Picha ya barua, kwa kompyuta, ni madoa meupe na meusi. Zipo programu zinazogeuza picha kuwa maandishi, na kwa karatasi zilizopigwa chapa hufanya kazi vizuri, lakini mwandiko wa mkono uliofifia wa mzee wa Ziwa George huzitoa jasho. Mtu lazima asome na kuandika upya. Kwa hiyo muhula mzima uliofuata, kila baada ya Isha, nilikuwa naandika barua kumi, siku nyingine mbili, siku nyingine sifuri.

Nieleze kidogo kompyuta inavyotafuta. Ukiwa na maandishi machache inaweza kuyapitia yote toka mwanzo hadi mwisho kila unapouliza. Yakiwa mengi inafanya kama wafanyavyo watu wa vitabu: inatengeneza faharasa mapema. Inachukua kila neno na kuandika mbele yake namba za barua zote zenye neno hilo. Neno "leseni": barua ya 14, ya 201, ya 388. Ukiuliza, haisomi barua tena, inafungua orodha tu. Ukiuliza maneno mawili, inachukua orodha mbili na kukupa namba zilizomo katika zote mbili. Mitambo mikubwa ya kutafuta unayoitumia kwenye simu imejengwa juu ya wazo hili hili.

Halafu kuna suala la uzito. Karen Spärck Jones, mwanamke wa Cambridge, Uingereza, aliandika mwaka 1972 kwamba neno linalopatikana katika karatasi nyingi halisaidii sana kutafuta, na neno adimu linasaidia zaidi, basi mashine ilipe neno adimu uzito mkubwa. Katika barua zetu maneno "samaki", "mwalo" na "kamati" yamo karibu katika kila ukurasa. Ukiyatafuta umepata sanduku zima. Neno "kiboko" limo katika barua chache, na kila moja ina habari nzito. Inaonekana jambo dogo, lakini mitambo mingi imepimia hivyo tangu wakati huo.

Nilipomaliza kuandika, kwa furaha nikatafuta "makaburi". Hakuna. "Kaburi." Hakuna. Nikatafuta "ebituuro", kwa kuwa marehemu alichanganya lugha akikasirika. Hakuna. "Kuzika." Hakuna. Nikaanza kumtilia shaka marehemu, astaghfirullah.

Tatizo la Kiswahili ni mbele, si nyuma

Hapa ndipo panapotuhusu sisi wenye lugha hii. Programu nyingi za kutafuta zilizaliwa kwa Kiingereza, na Kiingereza hubadilisha maneno mwishoni. Mwaka 1980 Martin Porter alitoa kanuni maarufu za kukata mikia ya maneno ya Kiingereza ili maneno ya ukoo mmoja yakutane. Kwetu ukoo umefichwa katikati. Chukua "zika": tulizika, wamezikwa, asipomzika, mazishi, mzikaji. Ukikata mkia tu, "tulizika" na "asipomzika" hazitakutana hata siku ya mwisho.

Mwanafunzi wa madrasa hawezi kushangaa. Ukikutana na neno "maktuub" hulitafuti kwenye mim, unalivua mpaka ubaki na kaf, ta, ba. Na ukitafuta "tunapowazika" katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, bila kufundishwa na mtu, unafungua kwenye "zika". Kichwa chako kimeshafanya kazi ambayo mashine haijui kama ipo.

Nikasema basi, nitatafuta herufi tatu tu, z-i-k, popote zilipo ndani ya neno. Yakaja mafuriko. "Nyavu zikikamatwa." "Boti zikirudi." "Muziki wa arusi." "Pesa zikipatikana." Vitu vya ngeli ya N-, vikiwa vingi, huchukua "zi", na ukiweka "ki" ya masharti baada yake umepata z-i-k pasipo maiti wala kaburi. Marehemu alipenda sana masharti. Nusu ya barua zake zinasema kitu fulani kikitokea, kitu fulani kitafuata.

Yupo mtu aliyelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi: Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Tangu miaka ya 1980 amekuwa akiunda programu inayolivunja neno la Kiswahili vipande vyake, kiambishi cha nafsi, cha wakati, cha mtendwa, mzizi, kauli, na kuamua kwamba "zikikamatwa" mzizi wake ni "kamat" na "wakizika" mzizi wake ni "zik". Mfumo wake unaitwa SALAMA. Kwa msaada wake Helsinki wana hazina ya maandishi ya Kiswahili ambamo unaweza kuuliza kitenzi kimoja ukaletewa sura zake zote. Sioni aibu kwamba kazi hiyo ilifanyika Finland, ila naona aibu kwamba vijana wetu wengi wa kompyuta hawajasikia habari zake.

Mimi sikuwa na mfumo huo uani kwa mjomba. Nilifanya kwa mkono: niliongeza safu moja katika jedwali langu, na mbele ya kila barua nikaandika mizizi ya vitenzi muhimu na mambo yanayozungumzwa, kwa maneno yangu mwenyewe. Jaribu zoezi hili na mwenzako: andikeni sura kumi za kitenzi "andika", pamoja na "mwandishi" na "maandishi", kisha tafuteni kipande kifupi kinachozikamata zote. Mtagundua kwamba "andik" inaacha wawili nje, na ni lazima mrudi kwenye "andi". Kisha angalieni "andi" inawaletea wageni gani. Yupo "mtandio", na yupo "kandili".

Cyril Cleverdon, mkutubi wa Cranfield nchini Uingereza, alilipima jambo hili katika miaka ya 1950 na 1960: mara nyingi ukipanua wavu ili usikose, unavua na takataka; ukibana matundu ili upate safi, unaachia wengine. Wavuvi wa kwetu hawahitaji mtu wa Cranfield kuwaambia habari za matundu ya nyavu, lakini yeye alionyesha kwa hesabu.

Majina ya watu, majina ya mahali

Kwa majina ya Waislamu wa Uganda balaa ni kubwa zaidi. Mtu mmoja ni Asuman katika barua moja, Athumani katika nyingine, Othman kwenye leseni, na Usman mwanawe alipomwandikia. Hamza ni Hamuza. Mustafa ni Musitafa. Rafiki yangu wa Bwera, ambako soko la Mpondwe linatuchanganya na ndugu wa Kongo, anasema kwao Ramadhani ni Ramazani. Kampala utamkuta Ramathan.

Marekani walikuwa na shida kama hiyo, na mwaka 1918 Robert Russell alipata hataza ya njia ya kupanga majina kwa sauti badala ya herufi; ndiyo iliyozaa Soundex. Lakini ile ilikatwa kwa masikio ya huko. Nikatengeneza yangu, na naitoa hapa mjaribu. S, z, th na dh zote ziandike S. S, z, th na dh zote ziandike S. Herufi iliyojirudia iandike mara moja. Basi Asuman, Athumani, Othman na Usman wote wanakuwa SMN. Abdallah, Abdullah na Abudalla wanakuwa BDL. Musitafa na Mustafa, MSTF. Ramadhani, Ramathan na Ramazani, RMSN. Kwa kweli ni kama kuandika Kiarabu bila haraka na bila madda.

Ina kasoro zake. Simoni naye anakuwa SMN, na Hamza anaangukia MS pamoja na Musa. Nimezikubali. Kutenganisha Hamza na Musa kwa macho ni kazi ya dakika moja; kumkosa Othman kwa kuwa ulimtafuta Asuman ni kumkosa kabisa.

Majina ya mahali ni hadithi nyingine, na hapa usipojua historia hakuna programu itakayokuokoa. Mbuga yetu ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga. Miaka miwili baadaye ikapewa jina la Malkia Elizabeth. Enzi za Amin ikawa Rwenzori, na ikabaki hivyo mpaka mwaka 1991. Ukitafuta "Queen Elizabeth" katika barua za mwaka 1983, utasema mbuga haikuwako. Wilaya nayo: mpaka mwaka 1974 sisi tulikuwa Toro, kisha tukawa wilaya ya Rwenzori, na mwaka 1980 ndipo ikaitwa Kasese. Kwa hiyo katika karatasi za miaka hiyo neno "Rwenzori" laweza kuwa mlima, laweza kuwa mbuga, laweza kuwa wilaya. Hata ziwa: Stanley alipolifikia aliliita Ghuba ya Beatrice.

Hili lina faida ya vitendo kwa yeyote mwenye shauri la zamani Kasese. Karatasi za serikali za zamani zinazotuhusu usizitafute Kasese tu. Zipo zilizobaki Fort Portal, kwa kuwa ndiko yalikokuwa makao ya Toro. Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan, kimezipanga na kuzipiga picha kumbukumbu za wilaya ya Kabarole. Anayeingia akiuliza "Kasese" ataona kidogo. Aulize "Toro".

Nina jedwali dogo la majina haya, jina la zamani, jina jipya, na miaka. Linanisaidia kuliko programu yoyote niliyowahi kupakua. Na tarehe nazo, andika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 1983-04-09. Ukianza na siku, kompyuta itapanga tarehe 10 kabla ya tarehe 9 na kuchanganya miaka yote.

Walitangulia wenye hadithi

Nilipofika hapa nilimsimulia ustadhi wetu wa hadithi, akacheka. Akasema: wewe una vitabu vyote hivi rafuni na unadhani umegundua jambo.

Fikiria mtu anayetafuta hadithi. Pengine anajua sahaba aliyeipokea tu: atafungua Musnad ya Imam Ahmad, aliyefariki mwaka 241 Hijria, ambayo imepangwa kwa masahaba. Pengine anajua mada tu: atafungua Sahihi ya Bukhari, iliyopangwa kwa milango. Pengine anakumbuka neno la mwanzo: ipo al-Jami' as-Saghir ya Suyuti, iliyopangwa kwa herufi. Al-Mizzi, aliyefariki mwaka 742 Hijria, katika Tuhfat al-Ashraf alichukua vitabu vilivyokwisha kuandikwa akavijengea mlango mpya: kwa sahaba, kisha kwa aliyepokea kwake, na mbele yake kipande cha mwanzo cha hadithi, na vitabu inamopatikana. Hakuandika hadithi mpya. Aliandika njia.

Na anayekumbuka neno moja la katikati? Huyo alingoja sana. Faharasa ya maneno ya hadithi kwa mizizi, ya vitabu tisa, ilianza kuchapwa Leiden mwaka 1936 chini ya Wensinck, Mholanzi, kwa msaada wa Muhammad Fuad Abd al-Baqi wa Misri, na juzuu ya mwisho ilitoka mwaka 1988. Wensinck mwenyewe alifariki mwaka 1939. Abd al-Baqi akatutengenezea pia ile ya Qur'ani ambayo wengi wenu mnaiona msikitini na hamuigusi.

Jambo la Bukhari ndilo lililonifungua macho zaidi. Hadithi ya nia ameiweka mahali saba katika kitabu chake, kila mahali kwa mlango wake. Wasiojua huona marudio. Mimi niliona mtu aliyeelewa kwamba kitu kimoja kinaweza kutafutwa na watu saba wenye maswali saba. Barua zangu nilikuwa nimezipa kila moja kichwa kimoja, kile alichokiandika katibu juu, basi.

Nikarudi kwenye jedwali nikaanza kuandika milango zaidi ya mmoja kwa kila barua. Katika barua ya mwezi wa nne mwaka 1983 nikasimama. Kichwa chake: "Kuhusu njia ya ng'ombe kwenda majini." Nilikuwa nimeipita mara tatu. Ibara ya tatu inasema kamati inaomba njia ya ng'ombe ishuke upande wa chini, isipite juu, kwa kuwa juu ni mahali "tunapowazikia watu wetu". Si makaburi, si kaburi, si kuzika. Neno moja refu, na kichwa cha habari kinachozungumzia ng'ombe.

Nilimpigia mjomba saa tano usiku. Aliitikia kama mtu aliyekuwa macho.

Kufuata uzi

Haikutosha. Wazee walipoipeleka, upande wa pili walisema, na kwa haki, kwamba hilo ni ombi. Kuomba si kupewa. Jibu liko wapi?

Hapo kutafuta maneno kumefika mwisho wake, na ndipo nilipoelewa tofauti ya kutafuta na kufuata. Barua pepe ziliamuliwa mapema katika jambo hili: katika kanuni zake za mwaka 1982 kila ujumbe unaweza kubeba namba yake ya pekee, na jibu linabeba namba ya ujumbe unaojibiwa, hivyo mashine inaweza kupanga mazungumzo yote kama mti, hata kama watu wamebadilisha kichwa cha habari katikati. Barua za karatasi za ofisi nazo zilikuwa na desturi yake: namba ya kumbukumbu juu, na mstari wa kwanza unaotaja barua ya tarehe fulani. Mimi, katika kuandika upya, niliiacha mistari hiyo. Niliiona ni adabu tu ya ofisi. Siku hiyo nilijua kwamba nilikuwa nimetupa kamba na kuhifadhi ndoo.

Nikafungua picha tena, safari hii za barua zilizoingia baada ya mwezi wa nne mwaka 1983, nikisoma mstari wa kwanza tu. Ya nane ilikuwa karatasi nusu, yenye mhuri. Inataja barua ya kamati kwa tarehe yake, na inasema ofisi imekubali kama ilivyoelezwa humo, na njia ifuate upande wa chini. Haina neno ng'ombe. Haina neno kuzika kwa sura yoyote. Hakuna mzizi, hakuna uzito wa maneno, hakuna programu ya Helsinki ambayo ingeileta karatasi ile kwa mtu anayeuliza habari za makaburi. Kilichoileta ni tarehe moja katika mstari wa kwanza.

Tangu hapo jedwali langu lina safu mbili mpya: "inajibu namba" na "imejibiwa na namba". Ndizo safu zinazonichosha kuliko zote kuzijaza, na ndizo za kwanza ninazozitazama.

Neno moja kabla sijaweka kalamu. Sanduku lile lina mambo mengine: nani alidaiwa, nani alimwacha mkewe na kamati ikaombwa kuamua, nani alikamatwa na nyavu za matundu madogo. Karatasi ikiwa ndani ya bati chini ya nguo, siri yake inalindwa na uvivu wetu. Ukishaitengenezea faharasa, mtu yeyote mwenye nakala ya jedwali ataandika SMN na kusoma aibu ya babu wa mwenzake kwa sekunde moja. Nilimuuliza mjomba, naye akawauliza wazee, wakaamua kwamba barua za mambo ya nyumba za watu ziandikwe namba na tarehe tu, bila majina na bila milango. Wakutubi wenzangu wawili wameniambia hiyo si kazi kamili. Mimi nimewafuata wazee.

Kikao cha pili kimepangwa baada ya Idi. Nguzo bado zimesimama, ila hazijaongezwa. Katika zile picha 743 zimebaki kama 90 sijaziandika, nyingi ni za Lukonzo, mwandiko wa mtu mwingine, na namngoja yule rafiki wa Bwera amalize mitihani aje akae nami uani.